Fimbo Namba Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kwa muda huu mfupi. Mimi ni yule yule wa kila Jumapili, ila leo nimekuja bila karatasi. Karatasi ilikuwepo. Nimeiandika mara nne, na mara nne nimeichana. Kwa hiyo nitasema kama maneno yanavyokuja, na nikikwama mtanivumilia.

Tunamkumbuka mama mmoja. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Fimbo. Ni yule mama wa langoni, pale njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji inapoanzia. Amefariki akiwa na miaka hamsini na saba. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mama Fimbo, mama wa langoni, miaka hamsini na saba. Ameacha mume, ambaye ni fundi cherehani, na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi.

Alifariki Jumamosi, wiki nne zilizopita. Alipanda mlimani kumtafuta mgeni ambaye hakuwa amerudi. Tangu siku hiyo kila mtu anauliza swali moja: yule mgeni yuko wapi? Mumewe anauliza. Binti yake anauliza. Nyinyi mmepiga simu hapa studio mkauliza. Leo nitalijibu swali hilo, kabla muda wangu haujaisha. Nianze na yeye kwanza, maana siku hii ni yake.

Mama Fimbo hakuzaliwa na fimbo. Kabla ya lango alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa ubao. Kulikuwa na ubao mkubwa ukutani umepigwa misumari, na kila msumari una kipande cha bati chenye namba. Unaingia machimboni, unachukua bati lako. Unatoka, unalirudisha. Basi. Ukiutazama ubao unajua nani yuko ndani na nani ameshakwenda kwake kuoga.

Siku moja ukuta wa mawe ukaporomoka. Vumbi lilipotulia, wakubwa wakasimama pale na kofia zao wakibishana. Wakasema waliofukiwa ni wawili. Mama huyu akawaita waje wautazame ubao. "Watatu," akasema. "Sita, tisa na thelathini na mbili." Wakamwambia huyo wa thelathini na mbili ameonekana nje asubuhi akinywa chai. Akasema, "Chai hainihusu. Bati lake halipo." Wakachimba kwa shingo upande. Wa thelathini na mbili akatolewa mzima, mguu tu umevunjika. Mpaka leo anatembea. Alikuwepo msibani, mstari wa mbele, analia kama mtoto.

Binti yake alinisimulia hayo, na akaongeza hivi, namnukuu: "Tangu siku ile Mama hakuamini macho ya mtu. Hakuamini mdomo wa mtu. Aliamini hesabu. Hata sisi nyumbani alitujua tumelala wote kwa kuhesabu ndala mlangoni."

Machimbo yakafungwa. Mama akapata kazi langoni, kwenye maporomoko. Mnaijua safari ile, wasikilizaji wapendwa. Si safari ya kutisha. Dakika arobaini kupanda, nusu saa kushuka. Unapita kwenye mikaratusi, unavuka kijito juu ya gogo, unapanda ngazi za mawe zenye ukungu wa kijani, na kabla hujaona chochote unasikia maji. Halafu unapinda kona moja, na yale pale, yanaanguka toka juu, yanakulowanisha uso ukiwa bado mbali. Watu huenda na watoto. Watu huenda kupiga picha za uchumba. Ni matembezi tu.

Yeye hakuyaona kuwa matembezi tu. Wiki ya kwanza akauliza, "Jioni mnajuaje kama wote wameshuka?" Wakamwambia, "Tunatazama tukiona pako kimya." Alichukia jibu lile. Akaenda zake kukata miti, akatengeneza fimbo arobaini, akazichoma namba kwa msumari wa moto, moja mpaka arobaini. Akatoboa ubao matundu arobaini. Kila anayepanda anachukua fimbo. Kila anayeshuka anairudisha tunduni. Ukikuta fimbo zimekwisha, unakaa kwenye benchi unasubiri mtu ashuke. Hata uje na gari la kifahari, unakaa. Watu walidhani fimbo ni za kuwasaidia kupanda. Kweli zilisaidia. Ila kwake yeye fimbo ilikuwa ni mtu. Tundu likiwa tupu, kuna mtu juu.

Majina hakuandika. Mlinzi wa lango, mzee mmoja mwenye nyonga mbovu, alimshauri aweke daftari. Akamjibu, "Daftari litaniambia ameingia. Litaniambia ametoka?" Wakabishana miaka kumi na moja, wale wawili, kila siku ya Mungu. Mzee anasema hajawahi kushinda hata mara moja.

Na alikuwa na mdomo, jamani. Alikupima kwa jicho toka kichwani mpaka miguuni ndipo akakuchagulia fimbo. Akikuona umevaa vibaya hakukuonea haya. Mumewe aliniambia, "Mimi nashona suruali miaka thelathini na tano, lakini nikitoka nyumbani lazima anirekebishe kola. Ningefanyaje? Nilikuwa nasimama nirekebishwe."

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Jumamosi ile fimbo zote arobaini zilitoka. Hali ya hewa ilikuwa nzuri asubuhi, mchana ikaanza manyunyu, na alasiri wingu likakaa juu kabisa kule maji yanakotoka. Watu wakaanza kushuka mbio mbio. Lango hufungwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja Mama Fimbo akahesabu. Thelathini na tisa. Akahesabu tena. Thelathini na tisa. Tundu moja lilikuwa tupu. Namba kumi na saba.

Mzee wa lango akamwambia, "Mama, huyo kaondoka nayo. Watu wana tabia."

Akajibu, "Na kama hajaondoka nayo?"

Wakasubiri robo saa. Hakushuka mtu. Mama akasema, "Namkumbuka huyo. Ni yule bwana wa viatu vya harusi. Nilimwambia viatu vile havifai. Huyo kateleza." Akavaa koti la mvua. Akajaza chupa ya chai na kuitia begini, kwa sababu, alisema, mtu aliyelowa huko juu anatetemeka mpaka meno. Akachukua filimbi yake. Mzee akataka kwenda naye. Akamzuia. "Na hiyo nyonga? Wewe kaa hapa. Akishuka, piga kengele ili nirudi."

Mzee alikaa pale akiitazama kengele. Alisikia filimbi mara tatu. Baada ya kitambo akaisikia mara tatu tena, mbali zaidi, juu zaidi. Baada ya hapo hakuisikia tena.

Maji yalikuwa yameshajaa. Mvua ya juu huioni mpaka maji yake yashuke, na yakishuka hayabishi hodi. Waongozaji wa njia walimkuta asubuhi, chini ya lile gogo la kuvukia, na mumewe alikuwa pamoja nao. Fundi aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema, "Begi lake lilikuwa bado begani. Nikafungua ile chupa. Chai ilikuwa bado ina uvuguvugu."

Wasikilizaji wapendwa, baada ya hapo wakaanza kumtafuta mgeni. Siku tatu. Watu kumi na wawili, wengine wamekatisha matanga, wakaingia kwenye bwawa la maporomoko na kamba viunoni. Walipekua mawe. Walipekua vichaka. Mmoja akavunjika kidole. Msibani nako familia ilikuwa inamwombea yule mgeni. Binti alisimama mbele ya watu akasema, "Kuna mama mwingine mahali fulani analia kama sisi, na hajui hata pa kwenda kulilia."

Siku ya nne wakaacha. Ndipo watu wakaanza kusema kwamba labda mgeni alipona. Labda Mama Fimbo alimfikia, akamvusha, na mgeni akaondoka kwa woga bila kusema. Familia ikalishika hilo. Ukiwa kwenye msiba unashika chochote. Fundi akawa anawaambia wateja wake, "Kuna mtu anatembea huko kwa ajili ya mke wangu." Alisema akinyoosha mgongo. Nililisikia kwa masikio yangu.

Na tangazo la kumtafuta huyo mgeni lilisomwa hapa, kwenye redio hii. Mara tatu kwa siku. Mwanamume, mtu wa makamo, viatu vyeusi vya ngozi, begi la kahawia begani, alionekana mara ya mwisho akielekea kwenye maporomoko siku ya Jumamosi. Mnakumbuka nani aliyelisoma? Ni mimi. Nililisoma kwa sauti hii hii. Tena Jumatatu nikaongeza la kwangu, nikasema, "Hata mimi nilikuwa huko Jumamosi hiyo, huenda tulipishana njiani, maskini."

Huenda tulipishana njiani! Nilisema hivyo, wasikilizaji wapendwa, na mlinisikia.

Siku kumi baadaye binti yake alikuja hapa studio turekodi kipindi hiki. Aliketi kwenye kiti kile, mkabala nami, na leso mkononi. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijui habari ya fimbo na matundu. Nilijua fimbo ni fimbo. Akanieleza ubao. Akanieleza thelathini na tisa. Akanieleza namba kumi na saba. Halafu akasema, "Mama alimwambia mzee kwamba ni yule bwana wa viatu vya harusi."

Nikatazama chini ya meza. Nilikuwa nimevivaa.

Nilimwambia asante, nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi, nikashuka kwenye maegesho na kufungua buti la gari. Ilikuwa imelala kati ya gurudumu la akiba na begi la kahawia. Namba kumi na saba, imechomwa vizuri, mkia wa saba umepinda kidogo.

Nieleze sasa, na sitajitetea. Nilikwenda kule kurekodi sauti ya maji. Ile sauti mliyoisikia mwanzoni mwa kipindi hiki Jumapili hizi za karibuni, ambayo leo hamkuisikia, niliirekodi Jumamosi ile. Nilikuwa na mafua, sikuongea sana. Mama alinitazama miguu akasema, "Viatu hivyo ni vya harusi. Unaoa huko juu?" Nikacheka. Akanipa fimbo. Nikauliza kama nimwachie kitambulisho. Akasema, "Kitanisaidia nini? Nitakipigia filimbi? Wewe nirudishie fimbo." Nikasema sawa, Mama.

Nikapanda. Nikarekodi. Manyunyu yalipoanza nikahofia kinasa sauti changu. Kuna kinjia cha mkato kinachoteremka upande wa mashambani, moja kwa moja mpaka barabara ya chini, na gari langu nilikuwa nimeliegesha huko. Kupita langoni ingekuwa kuzunguka. Nikasema moyoni, fimbo nitairudisha siku nyingine, ni mti tu. Saa tisa alasiri nilikuwa ndani ya gari na kioo nimekipandisha. Saa kumi na mbili jioni, wakati anapiga filimbi, nilikuwa nyumbani nasikiliza nilichorekodi, najipongeza kwamba maji yamesikika vizuri.

Basi, swali mlilouliza wiki nne, jibu lake ndilo hilo. Mgeni ni mimi. Sikupotea. Sikuteleza. Hakukuwa na mtu juu ya mlima.

Nilikwenda kwa fundi. Chumba chake cha kazi mnakijua aina yake: dirisha moja, suruali zimening'inia kwenye kamba, pasi kwenye kona, vipande vya kitambaa sakafuni. Alikuwa amevaa tepu shingoni. Nilisimama na fimbo mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilimwambia yote. Alikuwa anashona mfuko, na hakuacha kushona mpaka nilipomaliza. Ndipo akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Kwa hiyo uko hai," akasema.

"Niko hai, mzee wangu."

"Na ungekuwa hai hata kama asingepanda."

Nikasema ndiyo.

Akaikunja suruali iliyokuwa mbele yake. Akauliza, "Huko juu alikuwa peke yake?"

"Ndiyo."

"Hata mtu mmoja hakuwepo?"

"Hakuwepo, mzee wangu."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Nikampa fimbo. Hakuipokea. "Mimi si wa langoni," akasema. "Peleka langoni."

Nikaipeleka. Langoni nikakuta mhudumu mwingine, dada mmoja na daftari jipya. Ubao umeondolewa. Mzee wa nyonga mbovu ameacha kazi. Yule dada akaniambia kwa upole kabisa, "Fimbo hatutumii tena, kaka. Siku hizi unaandika jina tu." Nikamuuliza, "Na kutoka?" Akafikiri. Akasema, "Kutoka hatuandiki." Nyuma yangu kulikuwa na familia moja, watoto wanne, wanacheka, wanapanda. Nilisimama pale nikawatazama mpaka mikaratusi ikawaficha. Sijui kama wote walishuka. Hakuna anayejua.

Nilirudi kwa fundi mara ya pili, wiki iliyopita. Nilimwuliza kama anataka niseme au ninyamaze. Nilimwambia nikinyamaza, watu wataendelea kuamini kwamba mkewe aliokoa mtu, na jina lake litakaa vizuri. Alinisikiliza. Halafu akasema, "Mwanangu, mke wangu aliishi kwa hesabu ya kweli. Mimi ndiye niliyependa ile ya uongo. Nilikuwa nalala nayo. Sasa umeshanipokonya, utairudishaje?"

Akachukua mkasi, akakata uzi.

"Sema," akasema. "Binti nitamwambia mwenyewe. Ila Jumapili hiyo redio yangu nitaizima, na yeye atazima yake. Hatutaki kuisikia sauti yako. Si kwa ubaya. Hatuwezi tu."

Binti aliniandikia ujumbe mmoja siku iliyofuata. Aliuliza: "Ulipokuwa unasoma tangazo, fimbo ilikuwa wapi?" Nikamjibu: kwenye buti.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo huwa nawaachia jambo la kutafakari. Mnanijua, huwa silikosi. Leo nimelitafuta wiki nzima. Nilitaka niwaambie kwamba amekufa lakini wema wake unaishi, nikaona ni uongo, kwa sababu wema wake ulikuwa ubao, na ubao wameufanya kuni. Nilitaka niwaambie tujifunze, nikakumbuka yule dada na daftari lake. Nililo nalo ni hili dogo. Fikirini kitu mlichokiazima mkasema ni mti tu, ni bati tu. Fikirini nani amesimama mahali anakihesabu. Pengine mtakirudisha mkute mtu bado yupo. Mimi sikumkuta, na sitamkuta, hata nikipanda mlima ule kila siku mpaka nizeeke.

Uongozi wa redio umenipa likizo kuanzia kesho. Hawakusema ni ya muda gani, nami sikuuliza.

Fundi mitambo wangu pale nyuma ya kioo ananionyesha kwamba muda umekwisha. Basi nimalize kama inavyopasa. Kwa mzee wa lango, popote ulipo, pole. Kwa watu kumi na wawili mlioingia majini kunitafuta, poleni, na mnisamehe mkiweza.

Na kwa wafiwa wenyewe. Kwa fundi cherehani, mume wa marehemu. Kwa mwalimu, binti yake wa pekee. Natoa rambirambi zangu kwenu kwa moyo wangu wote. Mungu awape nguvu. Nayasema haya kwenu kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na najua hamnisikii.